Kadibodi Kwenye Rafu ya Saba

Lisemwalo halipo, na likiwapo, basi kuna aliyeliweka. Hivyo ndivyo Inspekta Rula alivyoigeuza methali ya wahenga, na katika miaka kumi na minne ya upelelezi, methali yake ilikuwa imewatia hatiani watu wengi kuliko ile ya wahenga. Asubuhi hiyo ya Alhamisi jiji zima lilikuwa linasema neno moja: mkandarasi kaiba faili. Kwa hiyo Rula alipoingia katika jengo la halmashauri, saa tatu kasoro dakika tano, mkandarasi ndiye mtu wa mwisho aliyetaka kusikia habari zake.

Jina la Rula mwanamke huyu alibandikwa na wenzake kwa sababu ya rula ya mbao, ile ya shule, ya sentimita thelathini, ambayo haikutoka mkobani mwake kiangazi wala masika. Nyuma yake alikuja Sajini, mtu wa kitambi na maneno mengi, aliyepanda ngazi kama amebeba mzigo wa mtu mwingine.

"Afande, lifti si hii hapa?"

"Imeandikwa mbovu."

"Na mimi mbovu vilevile, mbona siandikwi?"

Mkuu wa Mipango aliwapokea ghorofa ya tatu. Juu ya meza yake palikuwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa, zimelazwa sambamba, kila moja na nafasi tupu ya saini chini yake. Hakuwaacha hata wakae vizuri.

"Faili la maoni limepotea," alisema. "Maoni ya wananchi juu ya zile nyumba mia tatu za ghorofa zinazotaka kujengwa kwenye yadi ya zamani ya malori. Barua mia mbili thelathini na moja. Jumatatu asubuhi lilikuwepo, Jumanne asubuhi halipo. Kufuli zima, nondo nzima. Funguo ni mbili. Wangu huu hapa." Akautikisa. "Wa pili anao mtunza masjala."

"Na kikao?"

"Leo saa nane. Unajua utaratibu wetu: barua zinasomwa moja moja hadharani, jina kwa jina, na aliyeandika anasimama kuthibitisha kuwa ni yake. Watu mia tatu wanakuja na hasira zao, Inspekta. Siwezi kuwapokea mikono mitupu. Nisipowapa faili, nitawapa mtu."

Akasogeza zile karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kuomba radhi: mtunza masjala anakiri uzembe, anawaomba radhi wananchi, anakubali kuhamishiwa ofisi ya makaburi. Ya pili ilikuwa barua ya kumfukuza kazi.

"Huko makaburini ni pazuri," Sajini alisema. "Walioandikishwa hawatoroki."

Rula hakucheka. "Hii ya radhi kaandika nani?"

"Mimi."

"Basi isaini wewe, maana maneno ni yako." Akainuka. "Huyo mtunza masjala ana ugomvi na nani?"

"Hana. Ndiyo inayouma. Baba yake mwenyewe, Mzee Wima, ndiye mwenyekiti wa kamati ya kupinga ujenzi. Kazunguka nyumba kwa nyumba miezi miwili akikusanya barua. Leo zimepotelea mikononi mwa mwanawe! Mzee wa watu, jana kaja hapa, hata kusema hawezi."

Rula aliandika neno moja kwenye daftari lake, akashuka.

*

Masjala, chumba cha kutunzia mafaili, kilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido. Chumba kirefu, dirisha moja, rafu kumi na mbili za chuma zilizojaa majalada ya rangi ya udongo. Kando ya dirisha palikuwa na meza ndogo na kiti kimoja, kwa ajili ya mwananchi anayetaka kusoma. Kusoma ni haki ya kila mtu. Kutoka na faili si haki ya yeyote.

Dada Masjala, kama jengo zima lilivyomwita, alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya kisigino kifupi vilivyopigwa rangi mpaka vikasahau rangi yao ya kwanza. Siku tatu alikuwa hajaruhusiwa kukalia kiti chake, na sasa alisubiri kukaribishwa chumbani kwake mwenyewe.

"Jumatatu waliingia wangapi?" Rula aliuliza.

"Wawili. Msimamizi wa mkandarasi, saa nne. Mwenyekiti wa wapingaji, saa tano. Wote walisoma faili pale mezani."

"Uliwaacha peke yao?"

"Wa kwanza, hata kupepesa jicho sikumwacha. Wa pili..." Alisita. "Mkuu aliniita juu. Dakika kumi tu. Na wa pili ni baba yangu, Afande."

"Uliporudi?"

"Alikuwa ameshamaliza. Kesharudisha faili, amesimama ananisubiri aage. Alikuwa ametoka hospitali, ana bahasha ya picha yake ya kifua mkononi."

"Faili uliliona rafuni?"

"Niliona rafu imesimama vizuri."

"Sikukuuliza rafu."

Dada Masjala akageuza macho kwenye rafu.

Rula alitembea kati ya rafu polepole. Mafaili yaliegemeana kama walevi waliotoka harusini. Palipotolewa moja, matatu ya jirani yalikuwa yamelala chali. Rafu ya tisa hivyo, ya nne hivyo, ya kumi na moja ndiyo usiseme. Kisha akafika ya saba. Pale mafaili yalikuwa wima, mgongo kwa mgongo, kama askari wa gwaride. Na katikati yao, mahali pa faili lililopotea, palikuwa na kipande cha kadibodi kilichokunjwa katikati na kusimamishwa, kimeyazuia majirani wa kushoto na kulia yasianguke.

"Hii takataka mimi hata nisingeiona," Sajini alisema.

"Takataka haijikunji." Rula akatoa rula yake. Pengo: sentimita tatu. Kimo cha kadibodi: rula ikaisha, kadibodi ikabaki sentimita mbili. Kimo cha jalada lenyewe hasa. Akaichomoa, akaikunjua. Nje ilikuwa kijivu tupu. Ndani palikuwa na picha, maana ilikatwa kwenye boksi: nusu ya pasi ya umeme. Ncha na mvuke wake vilikuwepo. Mpini haukuwepo.

Aliponyanyua macho, uso wa Dada Masjala ulikuwa umebadilika. Mara moja tu, kama taa inayocheza, kisha ukatulia.

"Nani kaiweka?"

"Mimi."

"Lini?"

"Zamani. Ni desturi tu. Faili likitoka, unaweka kitu."

"Aa. Basi nionyeshe daftari la mafaili yaliyotoka wiki hii."

Yalikuwa matano, yote yameazimwa na wahandisi wa juu. Rula alikwenda na daftari pengo kwa pengo, akimtaka Dada Masjala aguse kila moja kwa mkono wake. Pengo la kwanza, tupu, jirani kaanguka. La pili, tupu. La tatu, la nne, la tano: tupu, tupu, tupu.

"Haya matano uliyatoa wewe, ukayasaini wewe, na hukuyawekea hata kipande cha gazeti," Rula alisema. "Hili moja lililoibwa, ambalo hukujua kama linatoka, ndilo ukaliwekea kadibodi iliyokatwa kwa kipimo. Dada yangu, hebu tuheshimiane."

Huko nje fagio lilikuwa linakwaruza sakafu.

"Andika nimeiba mimi," Dada Masjala akasema. "Yaishe."

"Mimi siandiki nisichokiona. Lete daftari la barua zinazoingia."

Hilo lilikuwa kwenye droo ya meza yake, halijafungiwa. Kila barua kabla haijaingia kwenye faili iliandikwa humo: namba, mtumaji, kwa kifupi inasema nini. Rula akapitisha rula mstari kwa mstari. Kupinga, kupinga, kupinga. Barua mia moja tisini na nane za kupinga, nyingi za mtaa mmoja, nyingi za mwandiko wa haraka wa siku moja. Thelathini na tatu za kuunga mkono. Kwenye namba mia moja themanini na saba rula ikasimama.

Mtumaji: mtunza masjala. Anwani: chumba cha uani, nyumba ya Mzee Wima. *Anaunga mkono.*

Sajini alisubiri wafike koridoni ndipo akapasuka. "Si ndiyo hiyo, Afande! Kaandika barua ya kumpinga baba yake, akaona leo itasomwa mbele ya mtaa mzima, kaogopa, kalificha faili. Na kadibodi kaiweka, sasa anajiumauma. Tunaweza kwenda kunywa chai."

"Anayeficha barua ataacha daftari linalotaja barua hiyo, tena kwenye droo yake isiyo na kufuli? Alikuwa nalo mpaka aliposimamishwa, Sajini. Kalamu alikuwa nayo, wino alikuwa nao, mstari wa kufuta ni mmoja tu."

"Labda kasahau."

"Mtu huyu hasahau. Mtu huyu anasema uongo vibaya, hilo ndilo tatizo lake. Na mtu asiyezoea uongo huwa anausema kwa ajili ya nani?"

Sajini alikuna kichwa. Mama wa usafi, aliyekuwa amesogea na fagio lake mpaka sakafu haina tena cha kufagiwa, ndiye aliyejibu, tena swali jingine kabisa.

"Hicho kidude mmekitoa wapi?" Alikuwa anaitazama kadibodi mkononi mwa Rula. "Jamani! Mimi nina miaka ishirini na mbili humu, na hivyo sijaviona tangu kompyuta zije. Enzi zile ukichomoa jalada hujaweka kadi, siku hiyo chakula hukili kwa amani. 'Faili wima, mtu wima!' Alikuwa anakupigia kelele hivyo mpaka unaota."

"Nani alikuwa anapiga kelele?"

"Mzee Wima, nani mwingine? Jina hilo alilitoa wapi, unadhani? Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kile kiti. Kazi si kamfundisha mwanawe yeye mwenyewe? Ila vijana, mmh. Kadi wanaona ushamba."

*

Hata hivyo Rula alikuwa mtu wa taratibu. Anayesemwa lazima asikilizwe, hata kama ni kwa kumwondoa njiani. Yadi ya malori ilikuwa dakika sita kwa miguu: uwanja wa kokoto na mafuta meusi, mashine mbili za kuchimba zimelala, na kibanda cha mabati ambamo msimamizi wa mkandarasi, kijana mrefu mwenye kofia ngumu, alikuwa anakula ndizi kwa huzuni.

"Mmekuja kunifunga? Karibuni. Asubuhi nimetemewa mate na bibi wa watu."

"Jumatatu ulisoma faili. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Pale pale masjala! Nani alisababisha lijulikane limepotea? Si mimi? Nilikwenda kuomba nakala, dada wa watu kanyoosha mkono rafuni, kashika kadibodi. Akairudisha pale pale."

Rula akamtazama Sajini. Mwizi haji kesho yake kuomba nakala ya alichoiba.

"Nakala ya faili zima?"

"Ya nini? Nitukanwe mara mia moja tisini na nane? Nilitaka zile thelathini na tatu. Ndizo ngao yangu. Hasa ile ya mia moja themanini na saba." Akaiweka ndizi chini. "Niliisoma mara mbili, Afande. Na aliyeiandika kakaa mbele yangu, anajifanya anapanga stempu. Kama ningekuwa na kumi kama ile, wakili wangu ningemwambia akalime."

"Ilisema nini?"

"Utaisikia ukumbini ikipatikana. Isipopatikana, mashine hizi zitaota kutu, na nyie mtaendelea kunishuku mimi."

*

Saa sita na nusu walikuwa kwa Mzee Wima. Nyumba nzuri ya zamani, ya chini, ukuta umepakwa chokaa. Barazani wanawake wanne walikuwa wanaandika mabango kwa rangi nyekundu: HATUTAKI MAGHOROFA. MTAA UMEJAA. Nyuma, uani, kilionekana chumba kimoja chenye mlango wa bati; kamba ya nguo ya watoto, jiko la gesi chini ya upenu, godoro limeanikwa juu ya viti viwili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mmempata?" Mzee Wima alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingekata nyama. Aliwakaribisha sebuleni. "Mkandarasi yule mkamateni kabla hajatoroka. Mimi sina chuki na nyumba, nisikilize. Bomba la maji la mtaa huu liliwekwa kwa nyumba sitini. Nilikuwepo, ramani yake niliifungulia faili mimi. Unaleta familia mia tatu juu ya bomba la nyumba sitini! Watakunywa nini, watakoga nini? Na mfereji wa maji machafu je? Nimewauliza kwa barua mara nne. Hakuna aliyejibu."

"Hoja nzito," Rula alisema, na alimaanisha. "Iko kwenye faili?"

"Folio ya kwanza, barua ya juu kabisa."

"Basi aliyelichukua kaizika na hoja yako."

Rula alikuwa tayari amesimama mbele ya kabati la vitabu. Vitabu, magazeti yaliyojalidiwa, albamu. Vyote wima, migongo imelingana. Tabaka la pili palikuwa na pengo la vidole vinne. Ndani ya pengo, kadibodi ya kijivu imekunjwa na kusimamishwa.

"Hapa pametoka nini, Mzee?"

"Albamu ya harusi ya binti yangu. Kaazima jirani."

"Na hii?"

"Kadi ya nafasi." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, mtu kaulizwa habari za fani yake. "Kitu kikitoka, mahali pake palindwe, vya jirani visianguke. Siku hizi hamfundishwi mambo haya."

Rula akaichomoa, akaikunjua. Mpini wa pasi, na kipande cha waya. Akatoa ile nyingine mkobani, akaziweka juu ya meza, ukingo kwa ukingo. Ncha ikapata mpini. Pasi ikawa nzima.

Sajini akakohoa bila kikohozi.

"Picha ya kifua huwa haikunjwi," Rula alisema. "Uliikinga kwa kadibodi ngumu ndani ya bahasha. Jumatatu bahasha ikahitaji nafasi ya kitu kingine, kadibodi ikatoka. Mwizi yeyote angeitupa. Lakini mkono wako, Mzee, umechomoa jalada na kuweka kadi kwa miaka thelathini na mmoja. Kichwa kiliiba, mkono ukaenda kazini."

Mzee Wima aliinyoosha pasi ile mezani, kingo zikalingana. Kisha akainuka, akaingia chumbani. Alirudi na faili limefungwa ndani ya shuka safi, akalilaza mezani kwa mikono miwili.

"Hesabu. Folio mia mbili thelathini na moja. Hakuna hata moja iliyokunjwa pembe."

Rula akahesabu, Sajini akafuatisha kwa midomo. Zilitimia.

"Iliyokusumbua ilikuwa moja," Rula alisema. "Ungeichomoa hiyo tu, tusingejua mpaka saa nane."

"Faili halichomolewi ukurasa!" Sauti yake ilipanda kama ya mwalimu. "Huo ni uhuni."

"Na kulichukua zima?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Huo ni wizi," akasema.

"Na binti yako kufukuzwa kazi?"

"Nilijua watasema mkandarasi. Na walisema! Mtaa mzima ulisema."

"Mkuu wa Mipango haishi mtaa huu. Yeye alimtazama mwenye ufunguo."

"Nilitaka kikao kiahirishwe. Wiki moja tu, nikae na mwanangu, aandike barua nyingine ya kuifuta ile. Nimesimama kwenye baraza hiyo nikawaambia watu: nyumba yangu yote iko nyuma yangu. Halafu jina lake lisomwe..."

"Mbona hukukaa naye? Yupo hapo uani."

"Hatua kumi na nane," Mzee alisema. "Nimezihesabu."

Rula akalifunga faili ndani ya shuka lake. "Utalibeba mwenyewe mpaka ukumbini. Utasema mwenyewe. Maelezo utayaandika kituoni kikao kikiisha. Pingu zangu ni za watu wanaokimbia."

"Mimi sikimbii," Mzee Wima alisema, akatafuta fimbo yake.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mabango mekundu upande wa kushoto. Upande wa kulia, nyuma kabisa, kikundi kidogo cha watu wasio na mabango: mshona viatu, yaya wawili, mwalimu wa chekechea, vijana waliooa juzi. Mbele, kwenye meza ya juu, Mkuu wa Mipango na zile karatasi zake mbili. Kando ya meza, amesimamishwa kama mfano darasani, Dada Masjala.

Minong'ono ilikufa Mzee Wima alipopita katikati na lile shuka kifuani. Alilifungua mbele ya katibu, akageukia ukumbi.

"Nililichukua mimi," akasema. "Mkandarasi hakuliiba. Mwanangu hakuzembea. Nililitoa kwa mkono wangu nikalala nalo siku tatu. Someni."

Kama dari lingeanguka, kelele zisingezidi zile. Rula alisimama ukutani mikono imekunjwa, akiacha zipite. Mkuu wa Mipango aliikunja barua ya kufukuza kazi haraka sana, ikaingia mfukoni. Ile ya radhi ikabaki mezani.

Katibu akaanza kusoma. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Wima mwenyewe, ya bomba la maji. Alisimama akaithibitisha, na hata waliokuwa wanamzomea wakanyamaza, maana hoja ilikuwa hoja. Wahandisi wakaandika. Zikafuata nyingine, watu wakasimama, wakakaa. Jua likahama dirisha. Katibu akafika folio ya mia moja themanini na saba, akalisoma jina, akanyanyua macho.

"Ni yangu," Dada Masjala akasema, kabla hajaulizwa.

Katibu akasoma. Haikuwa ndefu.

*"Mimi na watoto wangu wawili tunaishi chumba kimoja uani kwa baba yangu, mwaka wa sita sasa. Mwanangu mkubwa ana miaka kumi na mbili, anabadilisha nguo nyuma ya mlango wa kabati. Nimeomba chumba cha kupanga mtaa huu mara tisa. Vyote vimejaa, au mwenye nyumba hataki watoto. Bomba ni dogo, baba anasema kweli. Ongezeni bomba. Wenye nyumba mnasema mtaa umejaa. Sisi wa uani ndio tuliojaa, na hatutoki mtaani, tulizaliwa humu. Naunga mkono."*

"Aibu!" mwanamke wa bango alipaza sauti. "Baba yako kakulea, unamwanika hadharani!"

"Muombe radhi mzee wako!" mwingine akadakia, na upande mzima wa kushoto ukaitikia. "Radhi! Radhi!"

Mkuu wa Mipango akaona mwanya. Akasukuma ile karatasi mpaka ukingoni mwa meza, akaweka kalamu juu yake. "Dada, tulimalize hili kwa amani," akasema, sauti ya asali. "Faili limerudi, kazi yako ipo. Lakini wananchi wamesumbuka. Uliondoka chumbani dakika kumi. Saini tu, maneno mawili."

"Dakika kumi hizo uliniita wewe," Dada Masjala akasema.

Kicheko kikapita ukumbini, hata upande wa kushoto. Mzee Wima alikuwa amekaa safu ya kwanza, fimbo katikati ya magoti. Alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ambayo Rula, ukutani, aliisikia kwa shida. "Neno moja tu. Mbele ya watu. Langu nimeshalisema."

Dada Masjala alimsogelea. Akainama, akaokota shuka lililokuwa limeanguka chini ya meza, akalikunja mara mbili, ncha kwa ncha, akamwekea babaye magotini. Kisha akarudi pale pale aliposimama, akaichukua ile barua ya radhi, akaigeuza upande usioandikwa, akaikunja katikati. Akaisimamisha juu ya meza mahali palipokuwa na faili, maana faili lilikuwa mikononi mwa katibu.

"Uliiba wewe, baba, umesema umeiba, nimekusikia. Mkuu kaniita yeye, kanisimamisha yeye, siku tatu. Mimi nimeandika barua, nikaipa namba, nikaiweka mahali pake. Kila neno lililosomwa ni la kweli."

"Kwa hiyo?" Mkuu akauliza.

"Kwa hiyo siombi radhi. Katibu, soma inayofuata."